Amebadilisha Mawazo

Mwanvua, mtoto wa kaka yangu, alitapika kwenye viatu vya mchumba wake, viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, na hapo ndipo familia nzima ilipoamua kwamba kichwa cha msichana kina kasoro. Hakuna aliyejiuliza kama kasoro iko kwenye viatu. Mchumba mwenyewe, Anouar, alisimama barazani kwetu Buyenzi mguu mmoja juu, akiagiza maji kana kwamba yuko hotelini. Wifi yangu Adija, mama yake Mwanvua, akakimbilia ndoo huku anaomba msamaha, utadhani yeye ndiye aliyetapika.

Haikuwa mimba. Adija alilihakikisha hilo upesi, kwa namna ambayo sitaki hata kuikumbuka. Haikuwa malaria wala minyoo. Ilikuwa hivi tu: Anouar akila mbele yake, au akimpa kitu kwa mkono uliotoka kwenye sahani, tumbo la Mwanvua linapinduka. Alianza kukonda. Ukimuuliza ana nini anajibu kwamba roho inamchafuka, basi, anageukia ukuta.

Mimi naitwa Hayat, nafundisha Kifaransa lise, yaani shule ya sekondari, na kwa kuwa niliachana na mume wangu, ushauri wangu katika ukoo unapita kama moshi. Kaka yangu Rachidi ni fundi wa magari. Malori yote ya Tajudini, baba yake Anouar, hulala chini ya mikono ya Rachidi. Tajudini alikuwa jirani yetu zamani, kabla biashara haijampandisha mlimani Kiriri, akawa mtu wa geti na mbwa na mlinzi, zamu kama tunavyomwita, wa kulinda geti na mbwa. Ndoa hii ilikuwa ya kuwarudisha Rachidi na Tajudini pamoja, na kaka yangu aliisubiri kwa furaha iliyonikera. Hata hivyo Rachidi si mtu mbaya. Ana shati moja safi la Ijumaa na kanuni moja asiyoieleza: wale vijana wanaojifunza ufundi kwake hupakuliwa chakula kutoka sufuriani kabla yake yeye. Mabaki hawapewi. Siku Adija alipojaribu kuwapelekea ukoko na mchuzi wa jana, Rachidi aliimwaga sahani uani, na hakula siku ile.

Basi, ni Anouar mwenyewe aliyeleta habari za mwanasaikolojia. Alisema siku hizi watu walioendelea hawapeleki wagonjwa wa kichwa kwa waganga wa kienyeji, wanawapeleka kwa wataalamu. Alilitamka neno wagonjwa huku anachokoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo, ukucha mrefu aliouacha makusudi, na alichokipata huko akakitazama kwanza kabla ya kukirudisha mdomoni. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini na sikukigusa tena.

Mtaalamu aliitwa Landry. Alikuwa na chumba ghorofani huko Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, juu ya duka la dawa. Adija hakukubali msichana afungiwe chumbani na mwanaume, kwa hiyo nilitumwa mimi nikae naye. Chumba kilinuka marashi yale ya kupulizia chooni. Sofa ilikuwa ya plastiki inayonata, na mezani kulikuwa na maua ya bandia yenye vumbi. Nilikaa ukingoni mwa sofa nikiwa tayari kumdharau mtu huyu, na kwa muda fulani alinisaidia sana.

Alisisitiza kusema Kiswahili, ingawa nilimwambia Mwanvua anaelewa Kifaransa. Landry ni mtu wa Kirundi. Kiswahili chake alikiokota sokoni na alikitembeza kama saa mpya. Alichora maduara manne ubaoni, akayaunganisha kwa mishale: jambo linalotokea, wazo, hisia, tendo. Akaeleza kwamba watu hudhani jambo ndilo linalowaletea hisia moja kwa moja, na wanakosea. Katikati kuna wazo, ambalo hupita upesi sana hata mwenyewe asilione, na kazi yake yeye ni kulikamata.

"Mbwa anakatisha barabara," alisema. "Mutu moja anakimbia, mwingine anamupigia mluzi. Mbwa ni moja. Kwa nini hawafanye sawa? Ni ginsi kila mutu anamuwaza ule mbwa."

Lazima niseme ukweli, mfano ule ulinipendeza. Nimefundisha watoto miaka mingi, na nimeona mmoja akilia kwa alama ambayo mwenzake anaishangilia. Kidogo nilisogea nyuma kwenye ile sofa.

Halafu akaharibu. Alimgeukia Mwanvua kwa upole wote wa shule yake, akamuuliza ana mawazo gani anapomwona Anouar anakula.

"Mi sina mawazo," alijibu Mwanvua.

Landry akasema kila mutu ana mawazo. Mwanvua akasema yeye hana. Anakula vizuri kwao, wazazi wazima, hadaiwi na mtu, mawazo atoe wapi? Landry akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kwa sura yake nilijua ameandika kwamba mgonjwa anakataa. Kwetu Buyenzi mtu mwenye mawazo ni mtu aliyefiwa, au aliyeachwa, au anayekaa mlangoni jioni mkono shavuni. Mtoto alikuwa anaulizwa ana shida gani, na alijibu kwa adabu kwamba hana shida. Niliusikia mchezo huo wa viziwi na sikuingilia, kwa sababu mtaalamu alikuwa yeye na nilitaka kuona ataishia wapi.

Aliishia kwenye zoezi. Kwa kuwa wazo halikupatikana, alisema, wataanza na tendo: Mwanvua akae karibu na Anouar wakati anakula, kwanza mbali kidogo, kisha karibu, akiache kichefuchefu kipande hadi kishuke chenyewe, na kichwa kitajifunza kwamba hakuna hatari. Jioni alimpigia Rachidi simu na kumwambia asiwe na wasiwasi, pole pole watabadilisha mawazo ya mtoto. Rachidi alifurahi hadi akanunua soda za nyumba nzima. Alielewa kwamba daktari ameahidi kumbembeleza binti akubali.

Sijawahi kuona kitu cha kuchukiza kama zile jioni za zoezi. Anouar alikuja kwetu kula makusudi. Aliinyonya mifupa ya kuku hadi ikalia, mafuta yakamtiririka hadi kwenye saa, na Mwanvua amekaa kitini pake, mikono ameikalia, machozi yanamtoka bila sauti. Kila akitulia, Anouar anasogeza kiti. Alikuwa amejifunza lugha ya Landry kwa haraka ya ajabu. Akichovya kijiko mdomoni mwake, anakitoa, anakipeleka kwenye midomo ya msichana.

"Kula, chérie," anasema. "Ni mawazo tu."

Adija alicheka kwa heshima. Mimi nilitoka nje nikavuta pumzi kwenye harufu ya oili chafu ya gereji, na nikaiona nzuri.

Tuliporudi Mutanga Sud, Mwanvua alikuwa amekonda hadi amebaki macho tu. Landry alimwangalia, na nadhani kwa mara ya kwanza aliogopa zoezi lake mwenyewe. Alirudi ubaoni, akagonga duara la pili, akaanza tena na mawazo. Hapo uvumilivu wangu ukakatika. Nilimwambia kwa Kifaransa, na si kwa upole, kwamba neno lake halimaanishi anachodhani, kwamba amekuwa akimwuliza msichana habari za matatizo ya nyumbani kwao, na kwamba kama anataka kujua kilichopita kichwani amwulize mtoto alijiambia nini. Landry alijikuna sikio kwa aibu. Lakini nitampa haki yake: hakubisha. Aliweka kalamu chini, akakaa sawa na Mwanvua.

"Ile siku roho ilikuchafuka mara ya kwanza," aliuliza, "uliona nini? Na mu roho yako ulijisemea nini?"

Mwanvua akasimulia, akiangalia yale maua ya plastiki.

Ilikuwa Kiriri, chakula cha mchana, kwa wazazi wa Anouar. Walikula barazani, pilau na nyama. Anouar alipata kipande kigumu, akakitafuna sana, kikamshinda, akakitema kwenye sahani juu ya wali uliobaki. Kisha cha pili. Aliposhiba alivuruga vyote pamoja kwa vidole, wali na mate na vile vipande vilivyotafunwa, akamwita zamu wao, mzee wa kazi aitwaye Népomuscène, akampa sahani. Zamu akala palepale akiwa amesimama, akasema asante patron. Kulikuwa na sufuria nzima jikoni. Mwanvua alikuwa amegeuza uso, na Anouar akamshika kidevu akamrudisha aangalie.

"Akaniambia, usimuhurumie," Mwanvua alisema. "Kinyaa ni mawazo tu, ya watu wenye kusoma. Ule hana. Amezoea."

Landry aliuliza kama ni hapo ndipo alipojiambia kwamba Anouar ni mchafu. Swali zuri, lenye jibu ambalo kila mtu analitegemea. Mwanvua akatikisa kichwa.

"Apana. Mama yake alikuwa pale, mama Khadidja. Hakuinua macho. Akampatia Anouar serviette apanguse mikono, akaendelea kuniuliza habari ya kitambaa ya harusi. Na mi nikamujibu. Nilicheka kidogo. Njo nikajisemea, hata mi nitazoea."

Hilo ndilo lilikuwa wazo. Nani angelidhania? Sote tulikuwa tukilitafuta kwenye mdomo wa Anouar, nalo lilikuwa limekaa kimya ndani ya msichana, likimtazama yeye mwenyewe. Kila Anouar alipofungua mdomo kula, Mwanvua hakumwona Anouar. Alijiona yeye, mwanamke mnene wa Kiriri, anapitisha kitambaa bila kuinua macho.

Landry alifanya kazi yake, na safari hii aliifanya vizuri. Alimweleza kwamba wazo lolote likikamatwa linapimwa: ni nini kinachoonyesha kwamba ni kweli, na nini kinachoonyesha kwamba si kweli. Mwanvua alijitahidi kweli upande wa pili. Alisema Anouar humpeleka mama yake hospitali mwenyewe. Alisema ananukia vizuri asubuhi. Akatafuta tena, akaishiwa. Upande wa kwanza alikuwa na mama Khadidja, ambaye zamani sisi wa Buyenzi tulimjua kuwa mtu wa kugawa chakula chake mlangoni; alikuwa na ule mkono kidevuni; na alikuwa na kicheko chake mwenyewe.

Landry aliyafuta yale maduara ubaoni kwa kiganja. "Mi nilifikiri iko kosa mu kichwa ya kutengeneza," alisema taratibu. "Haiko kosa. Mazoezi na ule bwana yameisha leo." Nilimwomba ampigie kaka yangu amweleze. Akakataa, akasema siri ni ya Mwanvua na kinywa ni cha Mwanvua. Nilimwona mwoga. Baadaye nilimwelewa, lakini siku ile nilishuka ngazi bila kumuaga.

Mwanvua hakuchelewa. Jioni ileile alimfuata baba yake gerejini, akasimama kati ya malori mawili, akamwambia, "Baba, nimebadilisha mawazo."

Alikuwa ameposwa na akakubali; sasa hakubali. Kwa Kiswahili chochote cha duniani alikuwa amesema waziwazi. Lakini Rachidi alikuwa amelisubiri neno hilohilo tangu simu ya daktari, na akalisikia alivyolisubiri. Alitoka chini ya lori akamshukuru Mungu, akafuta mikono, na kabla msichana hajafungua tena mdomo alikuwa ameshampigia Tajudini. Mtoto amebadilisha mawazo. Jumapili mje wote, tule pamoja, tumalize maneno ya harusi. Mwanvua alijaribu kumvuta mkono. Rachidi akambusu kichwani akaendelea kuongea na simu.

Jumapili niliwakuta jikoni moshi umejaa, Adija anaimba. Mwanvua alinivuta nyuma ya tangi la maji, uso umemkauka.

"Shangazi, nimewaambia. Wote wanafurahi. Sasa nitasema na neno gani?"

Nilimwambia nitakaa ubavuni kwake, na akishindwa kusema nitasema mimi, hata kama nitafukuzwa ukoo mzima. Akanishukuru, akasema apana, atasema mwenyewe. Sikujua alikuwa anapanga nini. Ningejua labda ningemzuia, na ningekuwa nimekosea.

Wakaja. Waliacha viatu mlangoni, vile vilivyochongoka mbele vikiwa vimesuguliwa upya. Tuliwekewa sinia moja kubwa mkekani kama familia moja, maana ndivyo Rachidi alivyotaka: yeye, Tajudini, mama Khadidja, Adija, mimi, na wachumba wawili wakikaa bega kwa bega. Zamu Népomuscène alikuwa amekuja nao kuangalia gari, akaachwa juani barabarani. Nilimwona Rachidi anamnong'oneza Adija, na Adija akapakua sahani kutoka sufuriani, wali juu, nyama juu ya wali, ikapelekwa nje kwanza. Anouar aliitazama ile sahani ikipita akatabasamu kama mtu anayewaona washamba.

Alikula kama kawaida yake. Sitaeleza tena. Kila mtu alikuwa anamtazama Mwanvua kwa pembe ya jicho, na Mwanvua alikuwa anakula. Anakula kweli, bila kutetemeka. Adija alilengwa na machozi ya furaha. Anouar akainua sauti kidogo ili wote wasikie, akasema sasa si mumeona, ilikuwa mawazo tu.

Mwanvua alichukua kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akakitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yake yapo kwa Anouar. Kisha akakitema kiganjani, kikiwa cheupe na cha nyuzinyuzi, akakiweka juu ya wali upande wa Anouar. Akavuruga kwa vidole, taratibu, mpaka mate na mchuzi vikawa kitu kimoja. Akatengeneza tonge safi la duara, akalisogeza mbele ya Anouar.

"Kula," alisema. "Ni mawazo tu."

Anouar alitazama tonge. Alijaribu kucheka, na kicheko kikageuka kichefuchefu, akaruka kutoka mkekani mkono mdomoni, akatapikia kwenye ngazi ya mlango huku baba yake anamshika shati. Mama Khadidja alinyoosha mkono na kitambaa, kwa mazoea. Halafu mkono ule ukasimama katikati, na aliuangalia kama si wake. Aliinua macho kwa Mwanvua, na hakuyashusha tena.

Adija alisema astaghfirullah, chakula, chakula cha watu. Tajudini aliuliza kama huyu ndiye aliyerudishwa akili. Rachidi alimwuliza binti yake, kwa sauti ya chini, hii ni nini.

"Njo ginsi anamulisha ule zamu," alisema Mwanvua. "Kwao, pale baraza. Ule iko inje, baba. Munaweza kumuuliza."

Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Haikuhitajika, mama Khadidja alikuwa anatikisa kichwa kukubali, pole pole, machozi yanamwangukia kwenye mtandio. Rachidi aliangalia lile tonge kwa muda. Alikuwa na miaka ya utoto ambayo hatukuwahi kuisikia, miaka ya kulala chini ya magari ya mabwana wengine, kabla hajawa na gereji yake. Nilidhani namjua kaka yangu. Nilimwona anameza mate kama mtu anayekumbuka ladha.

Tajudini alisimama, akakung'uta kanzu. Alisema kwa hasira ya mtu mwenye haki kwamba hakuja kutukanwa, kwamba yeye aliitwa.

"Si ulinipigia simu, Rachidi? Si ulisema mutoto amebadilisha mawazo?"

Rachidi alinawa mkono ndani ya bakuli, kidole kimoja kimoja, akaufuta kwa shati lake la Ijumaa.

"Ndiyo," alisema. "Amebadilisha."

Kisha akaenda mlangoni, akaruka yale matapishi, akaviokota vile viatu vilivyochongoka kwa ncha za vidole, akaviweka chini tena, vikielekea njiani.